Miguu ya Shakwe wa Len Sedlacek

Yeyote aliyewahi kuhesabu ndege katika Ziwa la Kessler, hapa Omaha, alianza kwa kufundishwa maneno matatu: anza na miguu. Mwalimu wake alikuwa Len Sedlacek. Ukimwonyesha Len shakwe usiyemjua, hatazami kichwa wala mabawa. Anashusha darubini polepole mpaka kwenye barafu, alipokanyaga ndege.

"Mdomo unaweza kuwa na uchafu," husema. "Mabawa huchujuka kwa jua. Kichwa hubadilika kila msimu. Lakini miguu haijawahi kumdanganya mtu. Ikiwa ya waridi, una jamii moja. Ikiwa ya manjano, una nyingine. Ikiwa myeusi, nyamaza kimya na uniite."

Len ana miaka sabini na minne. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa fundi wa boila katika shule za mji. Saa kumi alfajiri alikuwa tayari chini ya ardhi akiwasha moto ili watoto wakute madarasa yana joto, na saa saba mchana alikuwa huru. Wenzake walikwenda kunywa bia. Yeye alikwenda ziwani akiwa na ovaroli lake, mkononi mkate uliojazwa nyama na kabichi ambao mkewe, Vlasta, alimfungia kwenye taulo.

Ziwa lenyewe si zuri. Upande mmoja kuna barabara kuu, upande wa pili kuna uwanja wa magari wa duka kubwa, na shakwe hugawa siku yao kati ya ziwa na mapipa ya taka ya duka hilo. Desemba ikifika maji yote huganda, isipokuwa sehemu moja ya kusini ambako bomba la maji ya mvua linamwaga maji yaliyopata joto chini ya mitaa. Mahali hapo tunapaita Mdomo. Hapo ndipo ndege hubanana: mabata bukini kwa mamia, bata wa kichwa cha kijani, kibisi wawili watatu, wale ndege wadogo wa kupiga mbizi, na shakwe wamesimama pembeni ya barafu kama watu wanaongoja kufunguliwa mlango.

Mimi sijaona mtu anayehesabu shakwe kama Len. Haanzi mchana, maana mchana wanakwenda na kurudi dukani na utamhesabu mmoja mara tatu. Hungoja saa ya mwisho kabla ya jua kuzama, wanapokuja kulala juu ya barafu. Huweka chini kipande cha ubao anachotembea nacho, akasimama juu yake ili baridi isimpande kupitia nyayo, akaupa upepo mgongo. Huhesabu kumi, akaupima kwa jicho ukubwa wa kumi hao, kisha akaenda kumi kumi mpaka mwisho wa kundi. Akifika mwisho, anarudi akianzia upande wa pili. Hesabu mbili zikitofautiana kwa zaidi ya hamsini, anaanza ya tatu. Huandika kwa penseli, kwa sababu wino huganda. Kwenye fomu yetu, baada ya majina yote ya shakwe, kuna mstari unaosema "shakwe, aina haikujulikana." Sisi wengine tunaujaza kila mwaka bila aibu kubwa. Mstari huo katika fomu za Len haujawahi kujazwa hata mara moja.

Mwaka mmoja mama mmoja wa mtaa wa jirani alilipigia simu kundi letu la wahesabu ndege kusema kuna pengwini nyuma ya nyumba yake. Watu watatu walimcheka. Len aliuliza anuani. Akamkuta kibisi aliyedhani lami yenye maji ni ziwa, akatua, na sasa hakuweza kuruka, kwa kuwa kibisi huhitaji kukimbia juu ya maji ndipo aruke. Len alimfunga ndani ya koti lake, akadonolewa kidevu mpaka damu ikatoka, akampeleka mpaka Mdomo na kumwachia. Kisha akampigia yule mama: "Pengwini wako amefika kwao salama."

Lakini jina lake halikujengwa na kibisi. Lilijengwa na ndege mmoja wa tarehe kumi na nane Desemba, mwaka 1993.

Mwaka ule mji ulikuwa umeshusha maji ya ziwa ili kukarabati ukuta wa kingo. Ilikuwa siku ya Hesabu ya Krismasi, siku moja ya Desemba ambapo kila mwaka tunahesabu ndege wote wa eneo letu, theluji ikipeperuka. Katikati ya shakwe wa kawaida wa kwetu, wale wenye pete nyeusi mdomoni ambao tunawaita mdomo-pete, Len alimwona mmoja mweupe mwili mzima, mweupe kuliko theluji aliyosimama karibu nayo. Alikuwa amelala, mdomo ameuficha manyoyani. Len alishusha darubini. Miguu ilikuwa myeusi. Shakwe mweupe mwenye miguu myeusi ni mmoja tu, shakwe wa barafu, anayeishi huko kaskazini ambako bahari haiyeyuki, na hakuwahi kuonekana katika jimbo letu. Len alimtazama kwa dakika ishirini bila kamera. Kisha lori likapiga honi barabarani, kundi lote likaruka, na ndege hakuonekana tena.

Ardis Brandvold alifika mbio akauona mkia tu. Ardis alikuwa na saluni ya wanawake katika mtaa wa Vinton, na kwa ulimi wake na mkasi wake hatukujua kipi kilikuwa kikali zaidi. Yeye na Len wamehesabu ziwa hilo pamoja tangu walipokuwa vijana. Kamati ya kumbukumbu ya jimbo, yenye watu watano, ilisoma maelezo ya Len na kumkubali ndege kwa kura nne dhidi ya moja. Wanne walisema: miguu myeusi, hakuna la kujadili. Aliyekataa alikuwa Ardis.

"Sikuiona miguu," alisema. "Siwezi kupigia kura miguu ya kuambiwa."

Basi yule ndege akaingia katika orodha ya jimbo, na jina la Len likaingia pamoja naye. Vlasta alishona kofia za sufu kwa ajili ya kundi letu zima, kila moja na shakwe mdogo mweupe mbele, miguu yake nyuzi mbili nyeusi. Vlasta alifariki miaka minne iliyopita, na kofia hizo tunazivaa mpaka leo. Ardis peke yake ndiye hakuwahi kuivaa. Yeye huvaa kofia nyekundu aliyopewa bure na duka la mbegu.

Tena kuna desturi ya vijiko. Jioni ya Hesabu tunakutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa, tunakula maharagwe yaliyopikwa na nyama na pilipili, pamoja na mikate mitamu ya mdalasini, na orodha husomwa jina kwa jina, kila kiongozi wa eneo akijibu idadi yake. Msomaji akifika kwenye shakwe wa barafu, hangoji jibu. Sote tunagonga bakuli kwa kijiko mara moja, kwa heshima ya Len, na kusonga mbele. Ardis huwa anatafuta leso yake wakati huo.

"Kuku wako mweupe hajambo, Len?" humuuliza kila Desemba.

"Hajambo. Anakusalimia."

"Bado hajataga?"

"Anakungoja wewe umkubali kwanza."

Miaka thelathini na moja walitaniana hivyo.

Mwaka jana mji ulishusha maji tena. Ukuta ulikuwa umepasuka, na kwa mara ya kwanza tangu 1993 kingo za Mdomo zilibaki wazi, rafu pana ya tope chini ya bomba. Len na Ardis walifika asubuhi ya Hesabu wakiwa na darubini zao za miguu mitatu. Baridi ilikuwa ya kukata masikio.

"Simama huku, kijana," Ardis alimwambia. Amemzidi miaka mitatu na hajamruhusu asahau. "Unanizibia mabata."

"Wewe bibi, mabata yako umeshayahesabu mara mbili."

"Nahesabu mara mbili kwa sababu niko na mtu anayeona ndege wa Ncha ya Kaskazini kwenye mtaro."

Walihesabu bukini mia sita na kumi. Walikubaliana. Walihesabu bata wa kichwa cha kijani, wakatofautiana kwa wanne, wakabishana, wakarudia. Saa saba mchana vidole vya Ardis vilikuwa vimekufa ganzi, akaenda kukaa ndani ya gari na chupa yake ya kahawa. Len alibaki juu ya ubao wake.

Ndipo shakwe mmoja mdomo-pete alipotua kwenye ile rafu ya tope akaanza kutafuta chakula. Alizama mpaka magotini. Alitembea humo kwa muda, akachomoa kitu, akameza, kisha akapanda juu ya barafu safi na kusimama upande upande, mbele ya darubini ya Len. Kichwa kilikuwa cha mdomo-pete. Mgongo wa kijivu ulikuwa wa mdomo-pete. Miguu yake, kuanzia nyayo mpaka mapajani, ilikuwa myeusi kabisa. Haikuonekana kama miguu iliyochafuka. Tope lile la mafuta ya barabarani lilikuwa limeganda juu yake likawa laini na lenye kung'aa, kama soksi.

Len alimtazama bila kusogea. Baadaye alituambia kwamba kwanza hakuwaza lolote, alihesabu pumzi zake tu. Yule ndege aliingia kwenye maji ya Mdomo, akaoga, akajipigapiga mabawa, akatoka. Miguu ilikuwa ya manjano.

Len akakumbuka 1993. Maji yalikuwa chini. Rafu ilikuwa wazi. Ndege alikuwa amesimama hatua nane kutoka kwenye bomba, na hakuoga. Kuna shakwe, mara chache, ambao huzaliwa bila rangi, weupe tupu, kama inavyotokea kwa kila kiumbe. Len alilijua hilo mwaka 1993 pia. Ila miguu ndiyo iliyomfanya asilifikirie.

Ardis alirudi akipuliza mikono.

"Umeona nini? Uso wako kama mtu aliyepigiwa simu na shule."

"Mdomo-pete," alisema Len.

"Mmoja?"

"Mmoja tu."

"Basi mwandike, tusonge. Mwenye macho haambiwi tazama."

Alimwandika. Hakuna mwingine aliyeona. Angeweza kukunja daftari lake na dunia isijue kamwe, maana mwakani ukuta ungekuwa umekarabatiwa na maji yamerudi juu. Jioni alihesabu shakwe wa kulala akapata mia nane na themanini, akarudia akapata mia tisa na sitini, akaanza ya tatu. Ardis alimtazama kwa pembeni. Njiani kuelekea kanisani Len aliendesha gari huku kofia ya Vlasta ikiwa mapajani, na alituambia kwamba kila alipofika kwenye taa nyekundu aliitazama ile miguu ya nyuzi nyeusi. Vlasta aliishona jikoni, miwani puani, na kila alipomaliza moja alimwinulia na kumuuliza: "Ndivyo alivyokuwa?" Naye alijibu, "Ndivyo."

Ukumbini palikuwa na watu arobaini hivi. Aliyesoma orodha alikuwa Marisol Quintanilla, muuguzi, ambaye huratibu Hesabu yetu na hapendi utani ukizidi. Tulipita bukini, tukapita bata, tukapita kibisi. Tukafika kwa shakwe.

"Mdomo-pete," alisoma Marisol.

"Mia tisa na thelathini na mbili," akajibu Len.

Wakasomwa wengine wawili. Kisha Marisol akatabasamu kidogo, kama anavyofanya kila mwaka mahali hapo. "Shakwe wa barafu."

Vijiko viliinuliwa. Len akainua mkono.

"Msigonge," alisema.

Vijiko vikabaki hewani. Len alisimama, kofia mkononi, akaeleza kama alivyokuwa akieleza hitilafu ya boila: kilichokuwepo, alichokiona, kilichofuata. Rafu ya tope. Soksi nyeusi. Kuoga. Rangi ya manjano. Hakupamba na hakujitetea. Alipomaliza alisema, "Jumatatu nitaiandikia kamati ya jimbo. Naomba Marisol umtoe kwenye orodha yetu leo."

Dereva mmoja wa malori, Dwayne Oltmans, ambaye Len ndiye aliyemfundisha kushika darubini, alikataa. "Subiri kwanza, mzee. Tope la leo haliwezi kuwa ushahidi wa ndege wa 1993. Labda yule alikuwa wa barafu kweli. Huwezi kuthibitisha kwamba hakuwa."

"Siwezi," alisema Len. "Sisemi najua alikuwa nani. Nasema sijui tena. Tulimpitisha kwa miguu, Dwayne. Ukiiondoa miguu, umebaki na ndege mweupe aliyelala."

"Lakini uliandika ulichokiona."

"Niliandika nilichokiona. Niliona miguu myeusi. Sikungoja aoge."

Hapo watu wote walimgeukia Ardis. Alikuwa amekaa na kofia yake nyekundu kichwani, mkate wa mdalasini umemkwama mkononi. Tulijua alikuwa na haki ya kusema chochote, na tuliogopa.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa saba na dakika kumi."

"Nilikuwa garini."

"Ulikuwa garini."

"Miaka thelathini na moja naingoja siku hii," alisema Ardis, "halafu inafika nikiwa nakunywa kahawa."

Ukumbi ulicheka, na Len alicheka zaidi ya wote, akafuta macho kwa kofia. Ardis hakucheka. Alisubiri kelele ziishe.

"Na ulikuwa peke yako," alisema. "Ungenyamaza."

"Ningenyamaza wewe ungeendelea kuniuliza habari za kuku. Sasa ningekujibu nini?"

Ardis aliumega mkate wake wa mdalasini.

Marisol alikata jina kwa kalamu, mstari mmoja. Akasoma linalofuata, kwa sababu ndiyo kazi yake, na linalofuata lilikuwa lile ambalo Len hujibu "hakuna" kabla halijamalizika kusomwa.

"Shakwe, aina haikujulikana. Kessler?"

"Mwaka huu hakuna," alisema Len. "Lakini kwenye karatasi ya 1993 mwandike mmoja. Alikuwepo. Hawezi kuachwa bila mstari."

Marisol aliitoa faili ya zamani, akatafuta karatasi iliyogeuka rangi, akaandika moja. Kisha kijiko kimoja kikagonga bakuli. Kilikuwa cha Ardis. Tukagonga sote, na mchuzi wa maharagwe ukamrukia Dwayne kwenye shati.

Nimesoma vitabu vya kutosha chuoni kuhusu ukweli, na sidharau nilichosoma. Lakini nikitaka kukumbuka sura yake, namkumbuka fundi wa boila amesimama na kofia ya marehemu mkewe mkononi, akiomba ndege aliyemfanya ajulikane aandikwe mahali pa wasiojulikana, ili mradi asipotee.

Tulipokuwa tunakusanya viti, Ardis alimfuata mlangoni.

"Sasa naweza kuivaa ile kofia," alisema.

"Leo? Baada ya kumfuta?"

"Ndege asiyejulikana sina ugomvi naye. Nilikuwa na ugomvi na anayejulikana sana. Lakini najua kofia zimekwisha."

"Yako ipo. Vlasta aliishona mwaka ule ule, akaandika jina lako kwa ndani. Alisema siku moja utaiomba."

"Iko wapi?"

"Kwenye droo ya soksi."

"Miaka yote hiyo na soksi zako," alisema. "Kesho saa mbili, ziwani. Ifue kwanza."

Kesho yake walikuwepo, ingawa Hesabu ilikuwa imekwisha na hakuna aliyewahitaji. Ardis aliivuta ile kofia mpaka masikioni.

"Inabana."

"Ilishonwa kabla kichwa chako hakijavimba."

"Angalia kule," alisema Ardis, akimpuuza. "Kwenye tope. Mwenye mgongo wa kijivu. Miguu gani?"

Len alipanda juu ya ubao wake, akashusha darubini polepole, akatazama kwa muda mrefu.

"Sijui," alisema. "Tungoje aoge."